Ukiachiwa samaki wa beta aliyefugwa ndani ya jagi: mwongozo kamili kwa mkazi wa Kigoma

Mwezi wa Juni jirani yangu wa hapa Mwanga, mjini Kigoma, alipanda treni kwenda Tabora kumuuguza mama yake. Aliniachia ufunguo wa nyumba, kopo dogo la chakula cha samaki, na samaki mmoja wa beta, wa rangi ya buluu iliyokolea, aliyekuwa akiishi ndani ya jagi la kioo juu ya jokofu. Jagi lenyewe halikufika lita mbili. Nilipolikaribia asubuhi ya kwanza nilimkuta samaki amelala ubavu juu ya vijiwe vya rangi, mapezi yamegandamana na mwili kama mwavuli uliofungwa, ncha za mkia zimechanika na kuwa nyeusi. Kila baada ya muda mfupi alijikokota hadi juu, akameza hewa, kisha akarudi chini taratibu kama jani linalozama.

Jirani yangu anampenda samaki huyu, na hilo nalisema mapema, kwa sababu msomaji anaweza kudhani kwamba samaki aliyefikia hali hiyo ana mwenyewe asiyejali. Humnunulia maji ya kunywa ya chupa, na kila Jumamosi huyamwaga yote, hulisugua jagi kwa sabuni ya vyombo mpaka ling'ae, kisha humrudisha samaki ndani ya maji mapya. Bahati mbaya ni kwamba karibu kila alichokifanya kwa upendo kilikuwa kikimdhoofisha. Ninazieleza hapa hatua nilizozichukua, pamoja na sababu za kila hatua, kwa ajili ya mtu mwingine atakayeachiwa amana ya namna hii katika mji huu, ambao maji yake yana tabia ya peke yake.

Zungumza na mwenyewe kabla ya kugusa chochote

Samaki uliyeachiwa ni mali ya mtu, na pengine ni kipenzi cha watoto wake, hivyo usimhamishe wala usitupe chombo chake bila ruhusa. Piga simu uulize mambo manne: anatumia maji gani, huyabadilisha mara ngapi na kwa kiasi gani, humlisha nini, na ni lini aliona mabadiliko ya kwanza. Swali la maji ndilo muhimu kuliko yote. Samaki aliyezoea maji ya chupa na samaki aliyezoea maji ya bomba hawaanzishiwi matibabu kwa njia moja, na ukikosea hapo unaweza kumuua siku hiyo hiyo kwa nia njema.

Namna ya kusema nayo ina uzito wake. Nilimwambia jirani yangu, "Dada, samaki wako anahema kwa shida. Naomba ruhusa nimuweke kwenye chombo kikubwa kidogo, nawe ukirudi utaamua akae wapi." Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwani nimemkosea?" Nilimjibu kwamba aliyemuuzia ndiye aliyemweleza kwamba jagi linatosha, na maelezo hayo hutolewa kwa wanunuzi wengi. Aliruhusu. Mtu aliye mbali na nyumbani, akimuuguza mzazi, hahitaji kuambiwa kwamba ametesa kiumbe. Anahitaji kuambiwa kitakachofanyika. Piga picha ya samaki siku ya kwanza, maana baada ya wiki tatu picha hiyo itamweleza mwenyewe mengi ambayo wewe ungeona vigumu kuyatamka.

Ikiwa simu haipatikani na samaki anaonekana kuzidiwa, badilisha theluthi moja ya maji kwa maji ya aina ile ile aliyomo. Hatua hiyo peke yake haimvunjii mtu heshima wala haimdhuru samaki.

Asili yake

Beta anayefugwa majumbani asili yake ni Thailand na nchi jirani zake, ambako huishi kwenye mashamba ya mpunga, vinamasi na mifereji yenye maji ya vuguvugu, yaliyotulia na kujaa majani. Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa mwaka 2019. Mtu wa Kigoma akitaka kuyafikiria makazi yake afikirie vinamasi vya Malagarasi na aache kufikiria ziwa letu: maji yasiyo na mawimbi, yenye kivuli, rangi ya chai hafifu, na majani yaliyooza chini.

Juu ya matamvua yake ana kiungo maalumu kinachomwezesha kuvuta hewa moja kwa moja kutoka juu ya maji. Hicho ndicho kinachomponza. Samaki wa kawaida akiwekwa kwenye jagi la maji yasiyo na hewa hufa kesho yake na mwenyewe akajua amekosea, lakini beta hupanda, akameza hewa, akaendelea kuishi miezi mingi huku maji yakimuunguza. Watu wakaona anaishi, wakasema anapenda chombo kidogo. Pia husemwa kwamba huko kwao huishi kwenye vidimbwi vilivyoachwa na kwato za nyati. Kidimbwi cha shamba la mpunga hakina kina kirefu, ni kweli, lakini kimetandaa kwa eneo kubwa, naye samaki huruka au kuogelea kwenda kingine anapoona hali si nzuri, uhuru ambao jagi halina.

Kwa nini chombo kidogo kina hatari zaidi Kigoma

Sehemu hii naomba isomwe bila haraka, kwa sababu hatua zote zitakazofuata zimejengwa juu yake.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichobaki pamoja na kinyesi vikioza huongeza amonia hiyo. Ndani ya maji amonia huwa katika sura mbili, moja kali inayounguza matamvua, na nyingine ambayo si ya hatari sana. Kinachoamua sehemu gani iwe kali ni joto la maji na hasa pH yake, yaani kipimo cha ukali wa asidi au wa alkali. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 na pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote huwa katika sura ile kali. pH ikifika 8, huwa karibu asilimia 5. pH ikifika 9, huwa zaidi ya theluthi moja.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na maji ya bomba ya mjini kwetu huvutwa kutoka ziwani. Kwa hiyo kiasi kile kile cha uchafu ambacho katika mji wenye maji laini, yaani yenye madini machache na pH ya chini, kingemchosha samaki kidogo tu, hapa kinamuunguza. Mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya watu wa nchi nyingine, ukisema badilisha maji mara moja kwa wiki, haukumfikiria mkazi wa Kigoma.

Upande wa pili kuna bakteria wazuri. Hao hukaa kwenye kuta za chombo, kwenye mawe na hasa kwenye sponji ya chujio, na hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi kikubwa. Huhitaji takriban wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha. Sabuni huwaua, maji yenye klorini huwaua, na kukauka huwaua. Jagi linalosuguliwa kila Jumamosi halijawahi kuwa na bakteria hao hata wiki moja, na samaki aliyemo huanza upya kila Jumapili.

Siku tatu za kwanza

Ukimkuta samaki kwenye maji yaliyochakaa, shawishi la kwanza ni kumhamishia papo hapo kwenye maji safi. Jizuie. Maji ya chupa yaliyokaa na kinyesi wiki nzima huenda yameshuka pH, na amonia iliyomo imetulia katika ile sura yake isiyo kali. Ukimimina humo maji ya bomba yenye pH ya juu, unaigeuza amonia hiyo hiyo kuwa kali kwa dakika chache, samaki akiwa ndani. Kwanza punguza amonia, ndipo ubadilishe aina ya maji.

Siku ya kwanza nilitoa theluthi moja ya maji ya jagi kwa kikombe, nikafyonza uchafu wa chini kwa mpira mwembamba, na kuongeza maji ya chupa ya aina ile ile aliyokuwa akiitumia jirani yangu, baada ya kuyaacha mezani karibu na jagi usiku kucha ili joto lilingane. Sikumpa chakula. Samaki mzima hustahimili siku kadhaa bila kula, na asiyekula hachafui maji. Jioni nilirudia. Siku ya pili nilifanya hivyo hivyo asubuhi na jioni, na usiku huo niliona pezi la mgongoni limeanza kufunguka kidogo.

Wakati huo huo andaa maji ya makazi mapya. Kinga maji ya bomba kwenye ndoo, yaache wazi kwa siku moja hadi mbili ili klorini iruke, ukiyakoroga mara kwa mara, na uyafunike kwa kipande cha chandarua ili mbu wasitage. Ukipata dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo, itumie kwa kipimo kilichoandikwa, kwa sababu baadhi ya mitambo ya maji duniani hutumia mchanganyiko wa klorini na amonia ambao hauruki kwa kuachwa wazi.

Siku ya tatu mhamishe. Mchote pamoja na maji yake kwa bakuli dogo au kikombe kipana, usitumie wavu, maana mapezi marefu hunasa na kuchanika. Elesha bakuli hilo ndani ya makazi mapya kwa nusu saa ili joto lilingane. Kisha ongeza ndani ya bakuli vijiko vitatu vya maji mapya kila baada ya dakika tano au kumi, kwa saa moja na nusu hivi, ukimwaga kidogo bakuli likijaa. Mwishowe liinamishe polepole atoke mwenyewe. Akitoka na kwenda kujificha mara moja, hiyo ni dalili njema.

Makazi mapya: ndoo

Tangi la kioo la lita 20 au zaidi ni zuri, na ukilipata lichukue. Mimi nilitumia ndoo nyeupe ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko, mpya, iliyosuuzwa kwa maji matupu. Ndoo haivutii kwa kutazamwa, lakini samaki hajali sura ya chombo. Weupe wake hukuwezesha kuona uchafu, kinyesi na rangi ya mapezi ukitazama kutoka juu. Isiwe ndoo iliyowahi kubeba sabuni, mafuta ya taa au dawa ya shamba, hata ukiosha mara kumi.

Usijaze hadi ukingoni. Acha nafasi ya vidole vinne, maana beta huruka, na samaki wengi wa aina hii hukutwa wamekauka sakafuni asubuhi. Funika kwa mfuniko uliotobolewa matundu, ambao pia humkinga na paka na mijusi, na huifanya hewa anayoivuta juu ya maji iwe ya uvuguvugu.

Chujio linalomfaa ni lile dogo la sponji linalosukumwa na pampu ya hewa, kwa sababu haliundi mkondo mkali. Mapezi yake ni mazito kwa mwili wake, na akisukumwa na mkondo siku nzima huchoka. Ukiona anasombwa, punguza hewa kwa kuubana mpira. Pasipo chujio kabisa bado unaweza kumtunza vizuri kwa kubadilisha maji, ilimradi usikose ratiba.

Ratiba ni hii kwa ndoo ya lita 20: katika wiki sita za kwanza toa lita tano kila baada ya siku mbili, ukifyonza chini kwa mpira, na rudisha lita tano zilizoandaliwa zenye joto lile lile. Baadaye, ikiwa kuna chujio na samaki ana nguvu, lita tano mara moja au mbili kwa wiki zinatosha. Sponji isuuzwe kwenye maji uliyoyatoa ndani ya ndoo, isioshwe bombani. Usimwage maji yote kwa mara moja hata yakionekana machafu.

Kuhusu pH yenyewe, naona watu hujisumbua mahali pasipostahili. Kumtilia ndimu au siki ili kushusha pH ni hatari, kwa kuwa maji ya ziwa hili yana chumvichumvi nyingi zinazoirudisha pH juu baada ya saa chache, na samaki hupandishwa na kushushwa kama mtu aliye ndani ya mtumbwi siku ya upepo. Beta waliozalishwa na wafugaji huzoea maji yenye pH iliyo juu ya ile ya asili yao, mradi maji hayo hayabadilikibadiliki na hayana amonia. Ukitaka kuyalainisha kwa njia salama, tumia maji ya mvua. Kuanzia Novemba mvua zikikolea, acha zile za mwanzo zioshe vumbi la bati, kisha kinga maji na kuyahifadhi kwenye madumu safi. Changanya sehemu mbili za mvua na moja ya bomba, na uyaingize kidogo kidogo kupitia ratiba ile ile ya lita tano, ili mabadiliko yachukue wiki mbili. Usitumie mvua tupu, kwa sababu haina madini ya kuishikilia pH.

Jani la mkungu, ule mti wa kivuli wenye majani mapana yanayogeuka mekundu kabla ya kuanguka, hutumiwa na wafugaji wa Thailand tangu zamani. Okota lililokauka na kuanguka lenyewe, mbali na barabara na mahali panaponyunyiziwa dawa, lisuuze, utie moja kwa lita 20. Maji yatapata rangi ya chai, samaki atapata mahali pa kupumzika, na baada ya wiki tatu likianza kuoza utalitoa.

Vijiwe si lazima. Ukitaka kuvitia, dondosha siki juu ya kila jiwe, na lile linalotoa povu liache, maana lina chokaa. Majani ya majini kutoka ziwani ningekushauri uyaache pia: huja na konokono, na baadhi ya konokono wa maeneo yetu hubeba kichocho. Badala yake chukua kipande cha lile ua la kutambaa la ndani ya nyumba lenye majani ya umbo la moyo, uning'inize mizizi yake tu ndani ya maji, nayo itanyonya nitrati. Mahali pa kujificha panaweza kuwa kikombe cha udongo kilicholazwa ubavu, kisicho na ncha kali. Pitisha kipande cha soksi ya nailoni juu ya kila kitu unachokiweka ndani, na kama soksi inanasa, pezi nalo litanasa.

Baridi ya usiku wa kiangazi

Beta anataka maji ya nyuzi 24 hadi 28. Kwa miezi mingi Kigoma tuna bahati, maana nyumba hubaki na joto hilo bila msaada. Juni na Julai usiku hukaribia nyuzi 18 nje, na maji ya chombo kidogo kilichokaa sakafuni hupoa haraka. Samaki aliyepoa hulala chini, hukataa chakula, na mwenyewe hudhani anaumwa.

Pima kwa kipimajoto kinachoanzia chini, kama vile cha maabara. Kile cha kupimia homa hakisaidii, kwa kuwa huanza kusoma kwenye nyuzi 30 na kitu. Hita ya wati 25 inatosha lita 20, lakini isiguse plastiki ya ndoo, na ichomolewe kwenye umeme kabla hujapunguza maji. Pasipo hita, inua ndoo kutoka sakafuni uiweke juu ya meza iliyo mbali na dirisha, izungushie blanketi ubavuni huku juu pakiachwa hewa, na alfajiri yenye baridi elesha ndani yake chupa ya nusu lita yenye maji ya moto, iliyofungwa vizuri. Joto lisipande zaidi ya nyuzi moja kwa saa. Juu ya jokofu, mahali jagi lilipokuwa, panatetemeka mchana na usiku, na samaki husikia mtetemo huo mwilini mwake.

Chakula

Beta hula wadudu. Mkate, wali, ugali na kiini cha yai havimfai, navyo huoza majini. Dagaa wakavu waliosagwa, ambao kwa mkazi wa Kigoma ndio wazo la kwanza kichwani, ni wagumu kwake na unga wao huchafua maji kwa muda mfupi.

Mpe vidonge vidogo vya beta viwili au vitatu asubuhi na idadi hiyo hiyo jioni, kimoja kimoja, ukingoja ameze kabla ya kudondosha kingine. Asichokila ndani ya dakika tatu kitolewe. Siku moja kwa wiki asile. Tumbo likivimba na akaogelea kwa kuinama upande, mnyime chakula kwa siku mbili au tatu, kwa maana mara nyingi huwa amevimbiwa.

Viluwiluwi vya mbu ni chakula anachokipenda kuliko vyote. Hata hivyo mkoa wetu una malaria nyingi, na sikushauri uwafuge mbu kwa ajili ya samaki. Chota vile vilivyokwisha kujitokeza kwenye tairi au pipa la mvua, mahali pasipopuliziwa dawa, uvisuuze kwenye chujio la chai, umpe vitano au sita, kisha umwage maji yote yaliyobaki juu ya ardhi kavu. Samaki wa jirani yangu alikuwa amekataa vidonge kwa siku nne. Nilipodondosha kiluwiluwi cha kwanza alitulia, akakitazama kwa jicho moja, akarudi nyuma kidogo kama mtu anayepima umbali, kisha akakinyakua. Nilimpigia jirani yangu simu saa ile ile.

Mkia uliochanika na dalili nyingine

Ncha nyeusi au nyekundu zinazozidi kuliwa ni kuoza kwa mapezi, na mara nyingi chanzo chake ni maji. Maji safi yaliyotulia, kwa wiki mbili hadi tatu, huponya hali ya kawaida bila dawa. Utaona ukingo mwembamba unaopenyeza mwanga ukianza kuota mwishoni mwa mkia, nao usiushtukie, ni pezi jipya.

Kuoza kukiendelea, tumia chumvi isiyo na kiungo chochote, na hapa kwetu ile ya Uvinza ndiyo iliyo karibu. Kipimo ni kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kila lita tano, kiyeyushwe kwanza ndani ya kikombe, kisha kigawanywe mara tatu kwa siku nzima. Usizidishe siku kumi. Ukibadilisha maji, rudisha chumvi ya kiasi cha maji uliyoyatoa tu. Doa nyeupe ndogo kama punje za sukari ni vimelea, na hutibiwa kwa chumvi hiyo hiyo pamoja na kupandisha joto taratibu hadi nyuzi 29 au 30. Magamba yaliyosimama kama koni ya msonobari na tumbo lililojaa maji ni dalili ya viungo vya ndani kushindwa, na samaki wachache hupona. Mwambie mwenyewe ukweli mapema.

Usivunje kapsuli za dawa za binadamu ndani ya maji. Nimeona zikitumika kwa samaki na kwa kuku. Kipimo huwa cha kukisia, bakteria wazuri hufa, na amonia hupanda juu ya mgonjwa.

Asiwekwe na mwingine, wala asiachiwe ziwani

Wageni watakaokuja kumtazama watakushauri umtafutie mwenza. Dume wa beta hupigana na dume mwenzake hadi kuumizana vibaya, na jike huwekwa naye kwa muda mfupi tu na mtu anayejua uzalishaji. Kioo cha kujitazama kisiachwe mbele yake, kwa sababu hudhani ni adui na hujichosha. Samaki wadogo wa rangi kutoka kwenye miamba ya ziwa letu nao hawamfai: wao wameumbwa kwa ajili ya maji ya alkali na ni wakali kwenye makazi yao.

Ushauri wa kumwachia ziwani "akapate uhuru" nimeusikia zaidi ya mara moja. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, wengi wao hawapatikani kwingine kokote duniani, na samaki mgeni aliyetoka dukani anaweza kuwapelekea vimelea ambavyo hawajawahi kukutana navyo. Yeye mwenyewe, mwenye mapezi mazito na mwendo wa polepole, hatamaliza siku. Maji ya ndoo yake pia yamwagwe bustanini, ambako mchicha utayafurahia.

Kumrudisha

Mwenyewe akikaribia kurudi, andika karatasi moja yenye ratiba ya maji, idadi ya vidonge na namba ya simu yako, uibandike kwenye ndoo. Jirani yangu alipofika alipiga magoti mbele ya ndoo akiwa bado na kanga ya safari, akamtazama samaki akizunguka na mkia umekunjuka wote, akasema, "Kumbe ni mkubwa hivi!" Sikumwonyesha picha ya siku ya kwanza mpaka aliponiuliza mwenyewe. Jagi aliligeuza kuwa la maua.

Siku ya kumhamisha punguza maji ya ndoo yabaki nusu, ubaki na mengine kwenye dumu safi ili yarudishwe huko aendako badala ya kuanza na maji mapya. Sponji ya chujio isafiri ikiwa imezama majini, kwani ikikauka wiki zote sita za bakteria zimepotea. Ndoo ibebwe na mtu aliyekaa, mfuniko ukiwa umefungwa na matundu yakiwa wazi, mbali na jua. Ikifika, irudishiwe maji yake, chujio liwashwe kabla ya saa moja kupita, chumba kiwe na kivuli, na chakula kisubiri hadi kesho yake asubuhi.